Ndevu za Thuwaini

Marzouq alikuwa na mdomo. Ukipita sokoni Ibra, Oman, miaka ile ya sabini, kabla hujauona ubao wa studio yake ushamsikia mwenyewe, kakaa mlangoni na finjani ya kahawa, anawapigia kelele wapita njia. "Njoo, yakhe, njoo! Usiogope, kamera haiumi. Ukitoka kwangu hata mamako hakujui, atakuamkia shikamoo!" Watu wanacheka, na wakishacheka wanaingia. Ndivyo biashara yake ilivyokuwa.

Na kweli alikuwa anajua. Shule aliiacha darasa la nne, kwao Ng'ambo, Unguja, kwa sababu mwalimu alikuwa anampiga, naye akaona hasara kupigwa bure, bora akapigwe kwa mshahara. Akaenda kufagia studio ya Mgoa mmoja mjini, akafagia mpaka akaijua kazi kuliko Mgoa mwenyewe. Au hivyo ndivyo alivyokuwa akisema, na Mgoa hakuwapo Ibra kumkadhibisha. Alipofika Oman, mwaka sabini na mbili, nchi nzima ilikuwa inataka sura. Paspoti inataka sura, jeshi linataka sura, skuli mpya zinataka sura. Watu ambao babu zao walikufa bila ya kupigwa picha hata moja wakajaa mlangoni kwake. Ndani alikuwa na pazia lililochorwa bustani, kiti cha mikono, kilemba, joho, na jambia la fedha la Nizwa kwa asiyekuwa na lake. Unaingia hohehahe, unatoka sheikh.

Lakini ufundi wake hasa ulikuwa kusafisha. Mtu akishapigwa, Marzouq anaichukua negativu, ile filamu yenyewe, anaipaka dawa, anakaa nayo dirishani na penseli kaichonga imekuwa kama sindano, anatia nukta ndogo ndogo usoni. Kwenye negativu kila kitu kinyume, kwa hiyo pale alipotia risasi ya penseli, picha ikioshwa panatoka peupe. Kovu linaondoka, makunyanzi yanaondoka, na weusi nao unaondoka. Waliokuwa weusi kama yeye ndio walioshikilia zaidi. "Nisafishe, ammi Marzouq. Nisafishe vizuri." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu mweusi pale alikuwa na jina lake, khadim, mtumwa kwa maana yake, na jina hilo lilikuwa linamfuata kwenye posa, kwenye kazi, mpaka kwenye kugaiwa sahani ya wali. Marzouq mwenyewe alikuwa na kabila kwenye karatasi zake, nzuri, ndefu, lakini kila mzee wa sokoni alijua kaipata wapi. Babu yake alikuwa mali ya watu wa kabila hiyo.

Basi ukutani kajitundika mwenyewe, kajisafisha mpaka kawa kama mtu wa Sham. Na mzaha wake alikuwa nao tayari. "Mie sijali," anasema. "Kule kwenye chumba changu cha giza, kwenye negativu, masheikh wote weusi tii. Mweupe mie peke yangu."

Kitu kimoja tu alikuwa hakifanyii mzaha, nacho ni wembe. Penseli inafutika. Ukiipitishia pamba yenye spiriti, uso unarudi vilevile ulivyokuwa. Lakini ukitaka kuongeza weusi, kama nyusi au masharubu, penseli haikusaidii. Inabidi uikwangue negativu yenyewe kwa ncha ya wembe, na ulipokwangua pameshakwanguka. Hapana dawa. Kwa hiyo wembe ulikaa kwenye kibweta, akiutoa kwa nadra, na akiutoa mdomo wake unafunga.

Thuwaini aliingia dukani mwaka sabini na saba, kabla ya adhuhuri, na harufu ya udi ikatangulia mbele yake. Alikuwa mtu wa Sur, mji wa pwani, mtoto wa Bi Mabruka, mweusi, mrefu, na mamake na kaka yake walikuja naye kutoka Pemba baada ya mapinduzi. Kazi yake kuimba maharusini. Alikuwa anakaa upande wa wanawake na kundi la waimbaji, na wanawake hawakumfichia nyuso. Kavaa kanzu ya rangi ya waridi, macho kayatia wanja, kachomeka asumini sikioni. Watu walimwita hanithi mbele ya uso wake, na wanaume waliokuwa wakituma mtu kumwita jioni, asubuhi wakimkuta njiani wanatema mate. Yeye anapita, shingo juu.

Akasimama mbele ya ile picha ukutani.

"Huyu nani? Tajiri wako?"

"Ndiye mie," Marzouq akasema.

"Weye?" Akaisogelea picha, akamtazama Marzouq, akairudia picha. "Pole sana. Alikufa lini?"

Marzouq, bingwa wa maneno Ibra nzima, akaiweka finjani chini. Akamvutia kiti. "Kaa hapo. Ntakusafisha utoke kama mwezi."

"Usinisafishe. Mie nimeshaoga nyumbani."

"Basi chukua jambia."

"La nini? Mpe anayetaka kuchinja."

Akakaa ubavuubavu, kaegemeza shavu kwenye kiganja, akaitazama kamera kama anayetazama mtu aliyechelewa kuja. Marzouq akapiga. Akaingia chumba cha giza, na Thuwaini nyuma yake bila ya kualikwa. Chini ya taa nyekundu, karatasi ikiwa ndani ya dawa, yakaja kwanza macho, na wanja wake, halafu mdomo, halafu uso wote, mweusi, unang'aa kwa jasho la mataa, bila ya nukta hata moja ya penseli. Marzouq alikuwa hajapata kuuona uso kama ule ukitoka dukani kwake. Wake mwenyewe aliufuta zamani.

Thuwaini akaitazama ile karatasi ikichuruzika maji. Mzaha wote umemtoka.

"Ndiye mie," akasema. "Marzouq, niweke kiooni."

Kiooni maana yake kabati la kioo la mbele ya duka, pale zinapokaa picha za kujivunia. Mlikuwa na masheikh na majambia yao, askari na nyota zao, mtoto kapanda farasi wa plastiki. Kila anayepita anasimama kutazama. Kuwekwa mle ni kuambiwa mbele ya mji mzima, huyu ni mtu.

"Ntakuweka," Marzouq akasema. "Wallahi. Jumamosi nabadilisha picha, na weye ndiye wa mbele."

Thuwaini akachukua nakala yake moja, kaifunga ndani ya leso, na tangu siku ile, akipita kutoka Sur kwenda maharusini, lazima ashuke Ibra. Marzouq akawa anaijua honi ya ile pikapu ya waimbaji akiwa amelala usingizi wa mchana. Wanakunywa kahawa, wanatukanana, wanaingia chumba cha giza kutazama picha zikitoka. Mle chini ya taa nyekundu hapana mweusi wala mweupe, wote wekundu. Na mlemle siku moja Thuwaini aliushika mkono wa Marzouq uliokuwa umelowa dawa, na Marzouq hakuutoa. Hawakulisema jambo lile, si siku ile wala baadaye. Marzouq, ambaye akipiga chafya anausimulia mji mzima, lile hakumwambia mtu.

Lakini kiooni hakumweka.

Jumamosi ya kwanza alisema fremu imevunjika. Ya pili, mwenye jengo anakuja kukagua. Baada ya hapo wapaka rangi, vumbi, Ramadhani. Kweli yenyewe ilikuwa moja tu, na alikuwa anaijua. Watu wangeitazama ile picha, halafu wangemtazama aliyeipiga. Wangekumbuka kwamba Marzouq ana umri wa kuwa na wajukuu na hajaoa. Wangemhesabia pikapu inasimama mlangoni kwake mara ngapi. Ukhadim wake walikuwa wanauvumilia, kwa sababu anawatoa weupe na anawachekesha. Wakimwongezea na lile neno la pili, hanithi, angekwenda wapi? Unguja hakurudiki.

"Jumamosi, wallahi," alimwambia Thuwaini mara ya mwisho, pikapu inanguruma nje, wanawake wanapiga kelele apande.

"Jumamosi ya mwaka gani?" Thuwaini akamcheka, na akamtengeneza ukosi wa kanzu. "Mdomo mkubwa, Marzouq. Moyo kama punje ya mtama."

Mvua ilinyesha milimani jioni ile. Pale barabarani kulikuwa kukavu, nyota zimejaa, na dereva akaona wadi, ule mto mkavu unaokatiza barabara, ina maji ya kufika kwenye vifundo tu, akaingia. Maji ya wadi hayabishi hodi. Wanawake walitolewa hai, wawili wamevunjika. Thuwaini walimkuta asubuhi, chini sana, kakwama kwenye mzizi wa mkwaju, na kanzu ya waridi imekuwa rangi ya udongo. Wakamzika Sur siku ileile.

Marzouq hakwenda maziko. Angekwenda kama nani?

Matanga yalipoisha akaja Soud, kaka yake. Soud alikuwa jeshini Nizwa, kavaa sare, viatu vinameta, mweusi kama nduguye na uso uleule, ila ule wa Soud kama umepigwa pasi. Akafunga mlango wa duka. Akatoa mfukoni picha iliyochanwa vipande, akaimwaga juu ya meza.

"Nimeikuta kwenye sanduku lake, nikaichana. Kazi yako hii?"

"Yangu."

"Nataka picha ya ndugu yangu. Nimetafuta kila pahala, hana nyingine, hata ya paspoti. Nataka niitundike majlis kwangu, wageni waione. Mtie kilemba. Msafishe. Mtie ndevu."

"Ndevu?" Marzouq akajaribu kucheka. "Yakhe Soud, hakuwa na ndevu hata za kuazima."

Soud hakucheka. "Unajua mie naitwaje kambini? Unajua, kwa sababu na weye unaitwa vivyo hivyo. Weusi siwezi kuuvua, nimeuzoea, nawasikia nawapita. Lakini kila nikipanda cheo kuna mtu ananiuliza, yule nduguyo anaimba wapi wiki hii? Miaka yote. Sasa kafa. Hebu kwa mara moja nimpate ndugu ninayeweza kumwonyesha mtu."

Akageuza uso kwenye lile pazia la bustani. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira kwa kuonekana analia.

"Ntachora juu ya picha," Marzouq akasema polepole. "Kwa wino. Halafu ntaipiga upya, utapata nakala nzuri, haitajulikana."

"Na negativu?"

"Itakaa hapahapa, kwangu."

"La. Fanya kwenye hiyohiyo. Isibaki nyingine." Soud akakivuta kiti cha wateja, kile alichokalia nduguye, akakaa. "Nakungoja. Na weye Marzouq, unaoa lini?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Marzouq alikuwa na hila elfu. Angeweza kusema negativu imepotea. Angeweza kuibadili na nyingine, askari gani atajua? Mdomo ule ungeweza kumzungusha jemadari. Lakini mdomo haukufunguka. Akaitoa negativu kwenye bahasha, akakaa nayo dirishani. Kwanza penseli, uso mzima, mpaka weusi ukaisha. Akayafunika macho yaliyotiwa wanja. Akapaka rangi nzito kichwani, ikawa kilemba, na asumini ikazama ndani yake. Yote yale yanafutika, alikuwa anajiambia, yanafutika. Halafu akafungua kibweta, akatoa wembe, na akaanza kukwangua kidevu, unywele baada ya unywele, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, kutoka sikio mpaka sikio.

Picha ikatoka. Alikuwa mwanamume wa heshima, mweupe, ndevu zimejaa, anatazama kwa uzito. Soud akaitazama sana.

"Mashallah," akasema. "Angekuwa hivi." Na akaenda zake Nizwa.

Sasa sikiliza ujinga wa Marzouq. Jumamosi iliyofuata alifungua kabati la kioo, akamtoa sheikh wa katikati, akatia nakala ya yule bwana wa ndevu. Nilimwahidi kiooni, akajiambia, nimemweka. Alijisemea hivyo mpaka akakaribia kuamini. Na picha ikapendwa, wee! Watu wanasimama. "Nani huyu, qadhi?" Vijana wenye ndevu za kuhesabika wanaingia wanaionyesha kwa kidole. "Nitoe kama yule." Marzouq anawatoa. Mdomo ukarudi, kelele zikarudi, mahali palepale mlangoni. "Ukitoka kwangu hata mamako hakujui!"

Miaka ikapita. Zikaja picha za rangi, zinapelekwa Maskati kuoshwa kwa mashine, na mashine haimsafishi mtu. Wateja wakapungua. Mwaka themanini na sita, asubuhi moja, akashuka kwenye teksi ya Sur bibi mmoja mweusi, mrefu, kajifunika shela, anatembea kwa mkongojo. Akasimama mbele ya kioo. Akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi mwanzo.

"Shikamoo, bibi," Marzouq akasema.

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye Marzouq?" Akaguna. "Mwanangu alikuwa akinambia habari zako. Ana rafiki Ibra, mdomo kama karakana, atamweka kiooni. Mie na Soud hatusemi tangu tulipozika, aliwakataza waimbaji wasimlilie mwenzao. Nizwa kwake sijakanyaga. Juzi kaja kuniomba radhi, akaniambia, mama, Thuwaini yuko kiooni Ibra kwa Marzouq, mji mzima unamwona. Nimekuja kumwona. Mbona simwoni?"

Marzouq akasimama. Finjani ilikuwa bado mkononi.

"Mwanangu," Bi Mabruka akasema, "yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidole.

Bibi akasogeza uso mpaka shela ikagusa kioo. Akatazama muda. Kisha akageuka, na hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyekosea nyumba.

"Huyu nani?"

Marzouq akamwingiza ndani, akamkalisha. Akaitoa negativu kwenye bahasha, akachukua pamba na spiriti, akafuta mbele ya macho yake. Penseli ikatoka, ikaichafua pamba. Kilemba kikatoka vipande vipande. Halafu akaingia chumba cha giza, na bibi nyuma yake anapapasa ukuta, bila ya kualikwa, kama mwanawe. Taa nyekundu. Karatasi kwenye dawa. Yakaja macho na wanja wake, na Bi Mabruka akapiga ukelele mdogo, "Ndiye! Ndiye huyu!" Ikaja asumini. Ikaja pua, shavu juu ya kiganja, weusi wake wote. Na chini ya mdomo, kutoka sikio mpaka sikio, ikaja mikwaruzo, myeusi, mingi. Pasipo kilemba na pasipo ule weupe hazikuwa ndevu tena. Zilikuwa chale. Uso mzuri uliokatwakatwa kidevu chote.

Bibi akapeleka kidole ndani ya dawa, akagusa pale.

"Wadi haikumfanya hivi," akasema. "Nilimtazama kabla hawajamchukua, uso wake ulikuwa mzima. Nani kamkata?"

"Mie."

Maji yakadondoka. Marzouq akangojea kofi, akangojea laana, angezipokea zote. Bi Mabruka akafuta kidole kwenye shela.

"Ulimwahidi kiooni," akasema. "Haya. Mweke."

Akamweka. Siku ileile, bibi kasimama nje na mkongojo wake anatazama. Akamtoa bwana wa ndevu, pale alipokuwa pamebaki mraba wa kitambaa usiochujuka na jua, na juu ya mraba ule akamtia Thuwaini, mweusi, na wanja, na asumini, na kidevu kilichokatwa. Bibi akatikisa kichwa, akapanda teksi akarudi Sur. Hakuaga.

Yale aliyokuwa akiyaogopa yakaja, lakini yalikuja yamechoka. Wachache waliacha kumwamkia. Mwenye jengo alimwambia atafute pahala pengine mwaka ukiisha. Soud alipita siku moja kwa gari lake, akapunguza mwendo mbele ya kioo, akatazama, akenda zake, na hakurudi. Waliobaki ni wale wa kusimama na kuuliza, kwa sababu picha ile ilikuwa haimpitishi mtu.

"Marzouq! Nani huyu?"

"Thuwaini wa Bi Mabruka, wa Sur. Muimbaji."

"Na yule qadhi wako wa ndevu kenda wapi?"

"Hakupata kuwapo."

"Lahaula! Na huyu nani kamkatakata hivi?"

"Mie," Marzouq anasema, kakaa palepale mlangoni. "Kwa wembe. Nilikaa hapo dirishani nikamkata."

Na watu wanapigana vikumbo kwa kicheko, wanashikana mabega. Marzouq huyo, wanasema, hajaacha mizaha yake.